Marubani wa Maonyesho ya Angani Huchaguliwaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndege za Jeshi la Anga zikishapita juu ya Uwanja wa Uhuru siku ya gwaride, Temeke nzima huwa imetazama juu, na jioni vijiweni Ukonga hadi Gongo la Mboto kila mtu anakuwa mtaalamu wa ndege. Maswali yaliyo hapa nimeyaokota huko, na mengine yameletwa na wazazi ambao watoto wao wameanza kusema watakuwa marubani. Majibu mengi yanawahusu Blue Angels wa Jeshi la Wanamaji la Marekani na Red Arrows wa Jeshi la Anga la Uingereza, kwa sababu hao utaratibu wao unajulikana vizuri. Wengine nimewagusa palipobidi.

Kwani si wanamchukua rubani anayejua kuichezesha ndege kuliko wenzake wote?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la sisi watazamaji. Tunaona ndege imepinduliwa kichwa chini tunadhani anayeiendesha ni kichaa mwenye kipaji. Kichaa hapati nafasi. Wakati jina linafika mezani, ujuzi wa kuruka umeshathibitishwa miaka mingi nyuma, na walioomba wote wanao. Kinachobaki kutafutwa ni mtu anayefanya jambo lile lile, kwa namna ile ile, kila siku, bila kuongeza manjonjo yake. Na awe mtu ambaye wenzake wanaweza kumwambia "leo umekosea" asinune.

Sifa za kuanzia ni zipi?

Blue Angels wanataka afisa aliye kazini, wa Jeshi la Wanamaji au wa Marine Corps, anayerusha ndege za kivita za jeti, mwenye saa zisizopungua 1,250 angani na aliyefuzu kutua kwenye meli ya kubebea ndege. Hilo la mwisho peke yake linachuja watu, maana meli inatembea, inayumba, na usiku haionekani sawasawa.

Red Arrows wanataka saa 1,500 za ndege za kasi, mwombaji awe amemaliza angalau kipindi kimoja kwenye kikosi cha mapambano, na wakubwa wake wawe wamemwandika kuwa yuko juu ya wastani. Ufaransa nako, kikosi cha Patrouille de France kinataka saa 1,500, na mtu awe ameshafuzu kuongoza kundi la ndege.

Kwa hiyo hakuna kijana wa miaka ishirini na mbili humo ndani. Wengi wamekaribia au wamevuka miaka thelathini.

Mtu anaombaje? Barua, mtandao, au kuitwa tu?

Anaomba mwenyewe, kwa hiari. Kwa Blue Angels, maombi hupitia kwa wakubwa wake yakiwa na rekodi za kuruka na barua za kumpendekeza. Kisha inafuata sehemu ambayo watu wengi hawaijui: mwombaji anawafuata kikosi kwenye maonyesho yao, mji hadi mji. Hapandi ndege. Anakaa nao kwenye vikao vya kabla na baada ya kuruka, anakula nao, anasimama nao wanapozungumza na watoto na wazee walioshika kofia za kusainiwa.

Nani anamtazama wakati huo? Wote. Anavyomjibu fundi, anavyokaa akiwa amechoka, anavyoongea akidhani hakuna mkubwa karibu. Wanaofika fainali wanaitwa Pensacola, Florida, yaliko makao ya kikosi, kwa usaili katikati ya mwaka.

Na mwamuzi wa mwisho ni nani?

Kikosi chenyewe. Maafisa 16 wa Blue Angels wanakaa na kupiga kura, na anayechukuliwa lazima akubaliwe na wote. Red Arrows nao wanawaita waombaji wachache walioingia kwenye orodha fupi, wanawapima kwa kuruka, kwa usaili rasmi na kwa maoni ya wale watakaofanya nao kazi, halafu marubani waliomo kikosini wanajifungia na kuamua. Wafaransa pia wanachaguana wenyewe kwa wenyewe.

Nilipoanza kufuatilia mambo haya nilidhani ni desturi tu ya kujipamba. Jeshini kwa kawaida unapangiwa: leo Ngerengere, kesho Mwanza, huulizwi na wala hao unaowakuta hawaulizwi. Hapa jeshi limekubali kuachia madaraka yake ya kupanga watu. Si jambo dogo, na limekubali kwa sababu moja, ambayo iko kwenye swali linalofuata.

Kwa nini tabia ipewe uzito kuliko kipaji?

Chukua mkono wako, pima toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa moja, kama sentimita 45. Blue Angels wakibanana kwenye mpangilio wao wa almasi, nafasi kati ya bawa la mmoja na chumba cha rubani cha mwenzake inaweza kufikia hapo, wakiwa kwenye kasi ya mamia ya kilomita kwa saa.

Rubani aliye ubavuni haangalii ardhi. Haangalii mbele. Macho yake yako kwenye alama fulani za ndege ya kiongozi, na kazi yake ni kuhakikisha alama hizo hazihami machoni pake. Kiongozi akipanda, anapanda. Kiongozi akishuka, anashuka. Hajui yuko juu kiasi gani, anajua tu kwamba yuko mahali pake.

Tarehe 18 Januari 1982, ndege nne za T-38 za Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Anga la Marekani, zilikuwa kwenye mazoezi jangwani Nevada. Zilikuwa zinamalizia duara la wima. Ndege ya kiongozi haikuinuka. Uchunguzi wa jeshi ulitaja hitilafu kwenye mfumo wa kuinua pua ya ndege. Zote nne ziligonga ardhi zikiwa bado zimepangana. Marubani wote wanne walikufa.

Waliofuata hawakuwa wazembe. Walifanya walichofundishwa kukifanya, na ndicho kinachotakiwa, kwa sababu anayevunja mpangilio kwa kushtuka bure anamgonga jirani. Sasa mwambie mtu aliyeko ubavuni kwamba jirani yake atapangiwa na karani wa makao makuu. Ndiyo maana wanapiga kura.

Kura moja ya hapana inatosha kumwangusha mtu mwenye rekodi safi?

Inatosha. Na wengi huomba mwaka wa kwanza wakakosa, wakarudi mwaka unaofuata. Kukosa si aibu wala hakuharibu kazi ya mtu, anarudi kikosini kwake kuendelea na majukumu.

Hapo si ndipo panaingia kujuana?

Swali zuri, na wanaolipuuza wanawasifia hawa watu kupita kiasi. Ndiyo, panaingia. Si kujuana kwa mjomba na shangazi tunakokujua sisi, bali kwa kuchagua anayefanana nawe: anayecheka vichekesho vyako, anayekunywa unapokunywa. Kikundi kinachojichagua chenyewe kinaweza kuwa na ulinzi imara dhidi ya ajali na kikawa hakina ulinzi wowote dhidi ya tabia mbaya ya ndani.

Ushahidi upo. Mwaka 2014 aliyekuwa kiongozi wa Blue Angels aliadhibiwa na Jeshi la Wanamaji kwa kuruhusu matani machafu na picha chafu kuwa jambo la kawaida kikosini. Mwaka 2023 Jeshi la Anga la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu Red Arrows iliyoeleza wanawake kunyanyaswa, na mkuu wa jeshi hilo akaomba radhi hadharani. Vikosi vyote viwili huchagua watu kwa chujio ninalolisifu hapo juu. Maoni yangu ni kwamba kura ya wenzako ibaki, lakini mtu wa nje awe na macho ndani ya chumba, hasa kusikiliza mafundi na watumishi wa chini, ambao huona mengi na hawaulizwi.

Kiongozi naye anapigiwa kura?

Kwa Blue Angels, hapana. Kiongozi, ambaye wao humwita Boss, huteuliwa na admirali anayesimamia mafunzo ya urubani wa Jeshi la Wanamaji. Awe na saa zisizopungua 3,000 za ndege za kivita za jeti na awe ameshakuwa kamanda wa kikosi. Red Arrows wanataka kiongozi aliyewahi kuwa rubani wa kikosi hicho hicho miaka ya nyuma.

Hapa nitasimama kidogo kwa Donnie Cochran. Alikuwa rubani wa kwanza mweusi wa Blue Angels, miaka ya 1980, kisha akarudi kuwa kiongozi mwishoni mwa 1994. Mwaka 1995, alipoona urukaji wake haujafikia kiwango, alisitisha maonyesho ili kikosi kirudi mazoezini. Mei 1996 akajiuzulu uongozi kwa hiari yake. Watu walinong'ona, kama kawaida. Mimi namhesabu miongoni mwa viongozi bora kikosi hicho kilichowahi kupata, na ningependa vijana wanaotaka kazi hii wamsome huyo kabla ya kutazama video za ndege kupishana.

Akishachaguliwa anaanza kuonyesha lini?

Si mara moja. Blue Angels wapya huingia mwishoni mwa mwaka, na kuanzia Januari hadi Machi kikosi huhamia El Centro, jangwani California, ambako anga huwa safi. Huko wanaruka mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Kila rubani hufanya safari za mazoezi zipatazo 120 kabla ya kusimama mbele ya watu. Wanaanza juu na mbali mbali, kisha kadiri wiki zinavyokwenda wanashuka na kusogeleana.

Kwa Red Arrows kuna jambo la mavazi ninalolipenda. Majira yote ya baridi marubani huvaa ovaroli za kijani kama rubani yeyote wa jeshi lao. Zile nyekundu zinazojulikana dunia nzima hawaruhusiwi kuzivaa mpaka mkubwa wa jeshi aje kutazama onyesho lao, aridhike, na kutoa kibali cha kuonyesha hadharani. Ukiwa mgeni unaweza kukaa miezi na kijani, huku umeshatangazwa kwenye magazeti.

Kila mmoja anakaa nafasi yoyote?

La. Nafasi ni ya mtu kwa msimu mzima. Kwenye Blue Angels namba 1 ni kiongozi, 2 na 3 wako kulia na kushoto kwake, 4 yuko nyuma akifunga almasi, 5 na 6 ni wale wanaokuja wakielekeana kana kwamba watagongana. Namba 7 ndiye anayeshika kipaza sauti na kuwasimulia watazamaji kinachotokea; kwa kawaida mwaka unaofuata hupanda kuwa namba 6, baadaye 5. Kwa hiyo wale wawili wa kupishana huwa wameshalitazama onyesho kwa jicho la ardhini kwa msimu mzima.

Red Arrows wana mtindo unaokaribiana. Wapya huwekwa karibu na kiongozi. Rubani wa Red 7, mmoja wa wale wawili wa kupishana, mwaka unaofuata huwa Red 6 na kumfundisha Red 7 mpya.

Akiugua je? Hakuna wa akiba?

Blue Angels na Red Arrows hawana. Zile safari 120 amezifanya kwenye nafasi moja, na huwezi kumpandisha mtu mwingine pale asubuhi ya onyesho. Akiugua wa pembeni, onyesho linapunguzwa na pengo linaonekana. Akiugua kiongozi, onyesho halipo. Wafaransa wao hurusha ndege nane na wana rubani mmoja anayejifunza nafasi za wengine ili azibe pengo. Ukiniuliza, huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, na jina lake halijulikani.

Ni kweli hawavai ile suti ya kubana?

Blue Angels hawavai, na wako peke yao kwa hilo miongoni mwa wanaorusha ndege za kivita kali. Rubani akivuta ndege kwa nguvu, uzito wake huongezeka: mtu wa kilo 70 kwenye G 7, yaani nguvu mara saba ya uzito wake, anakuwa na uzito kama wa kilo 490, na damu inakimbilia miguuni. Suti ya kawaida hujaa hewa na kubana mapaja na tumbo ili damu isishuke, la sivyo unaona giza.

Sasa tatizo. Ndege za Blue Angels zimewekewa springi kwenye mkono wa kuongozea, inayousukuma mbele kwa nguvu ya kama kilo 18, ili mkono wa rubani usitetemeke ovyo. Rubani anauvuta muda wote huku kigasha kimeegemea paja. Suti ikijaa hewa, paja linainuka, mkono unainuka, ndege inaruka, na kuna mtu dhiraa moja pembeni. Basi wanaacha suti na kujikaza wenyewe misuli ya miguu na tumbo, huku wakivuta pumzi fupi fupi. Wanaoomba hujua hilo mapema, na mazoezi ya viungo kwao si ya kutafuta kifua cha kupigia picha.

Wanawake wanachaguliwa?

Wanachaguliwa, ingawa ilichelewa. Nicole Malachowski aliruka na Thunderbirds kuanzia msimu wa 2006. Kirsty Moore aliruka na Red Arrows msimu wa 2010. Mwaka huo huo Virginie Guyot aliiongoza Patrouille de France, mwanamke wa kwanza duniani kuongoza kikosi cha aina hii. Blue Angels, ambao walianza mwaka 1946, walimtangaza rubani wao wa kwanza mwanamke kwenye ndege za jeti, Amanda Lee, mwaka 2022. Kabla ya hapo Katie Higgins alikuwa ameshaendesha ndege yao ya mizigo, C-130, ambayo nayo hufungua maonyesho.

Wanalipwa zaidi?

Hapana. Mshahara ni wa cheo chake. Ziada ni siku nyingi za kukaa mbali na nyumbani.

Wanakaa humo mpaka kustaafu?

Miaka miwili au mitatu, kisha wanarudi vikosini. Hiyo pia ni sababu ya uchaguzi kufanyika kila mwaka: kikosi kinabadilisha sehemu tu ya watu, wenye uzoefu wanabaki kuwafunda wageni.

Afrika wapo?

Wapo. Afrika Kusini kuna Silver Falcons, ndege tano za propela aina ya Pilatus PC-7 Mk II kutoka Langebaanweg, karibu na Cape Town. Marubani wake ni wakufunzi wa shule ya urubani ya jeshi; kazi yao ya kila siku ni kufundisha, maonyesho ni nyongeza. Morocco wana Marche Verte, kikosi cha tangu 1984, maarufu kwa kuruka ndege zikiwa zimeunganishwa kwa utepe, moja hadi nyingine. Misri wana Silver Stars.

Mtindo wa Afrika Kusini ndio ninaoona ungeifaa nchi yetu siku ikifika. Hauhitaji kutenga jeti za mabilioni kwa ajili ya sherehe. Unahitaji wakufunzi wazuri, ambao jeshi lingewahitaji hata bila maonyesho.

Na zile zinazopita hapa Dar siku ya Uhuru?

Hizo ni ndege za kikosi cha kawaida cha Jeshi la Anga la JWTZ zikipita kwa heshima. Kupita kwa mpangilio kwa sekunde kadhaa, juu ya uwanja, kwa dakika iliyopangwa, nako si lelemama. Lakini si kikosi cha maonyesho chenye msimu wake na uchaguzi wake.

Mwanangu yuko kidato cha pili na anataka mambo haya. Nifanye nini?

Mzazi mwenzangu, kwanza usimcheke. Pili, hesabu na fizikia zisimkimbie. Akifika kidato cha tano, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo inayomweka karibu zaidi na njia. Tatu, macho na masikio yapimwe mapema, maana ni huzuni kugundua tatizo akiwa ameshajenga ndoto yote.

Rubani wa jeshi ni afisa kwanza, na maafisa wetu hupikwa kwenye chuo cha kijeshi cha Monduli. JWTZ hutangaza nafasi hadharani, na hutaka raia wa kuzaliwa mwenye vyeti halali. Nafasi haiuzwi. Mtu akikupigia simu kwamba anamjua mkubwa fulani Upanga na unatakiwa kutuma "ya kufungulia faili", huyo ni tapeli. Jeshi lenyewe limeonya juu ya watu hawa mara nyingi, na bado watu wanaliwa.

Kujiunga na Blue Angels akiwa Mtanzania? Hapana, lazima awe afisa wa jeshi la Marekani.

Kama hawezi kuwa rubani, kuna nafasi nyingine kwenye vikosi hivi?

Nyingi kuliko za urubani. Nyuma ya ndege sita za Blue Angels kuna watu zaidi ya mia moja: mafundi wa injini, wa umeme, wa viti vya kujirusha, madaktari, wapiga picha. Nao huomba na kuchujwa. Red Arrows wana kundi dogo la mafundi wanaosafiri kwenye kiti cha nyuma cha ndege wakati kikosi kinahama kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kila fundi na rubani wake. Hapa Dar, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinafundisha ufundi wa ndege, na kijana aliyemaliza huko ana mlango wa ajira hata asipovaa sare maisha yake yote.

La mwisho: ule moshi wa rangi ni mafuta yameshika moto?

Hapana. Red Arrows humwaga dizeli kwenye joto linalotoka nyuma ya injini, ikageuka mvuke mweupe. Wakitaka nyekundu au bluu wanaichanganya na rangi. Watu hudhani ni pambo tu, lakini moshi humwonyesha kiongozi upepo unavuma kuelekea wapi, na wale wawili wanaokuja kupishana huutumia kuonana wakiwa bado mbali.